Imeandikwa Wapi?

Haya nilizungumza mjini Moshi mbele ya wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, madiwani wachache na wajumbe wa mabaraza ya kata. Nimeyaweka kwenye maandishi kwa sababu waliokaa nyuma walilalamika kwamba kipaza sauti kilikuwa kinakatakata, na kwa sababu nyingine ambayo msomaji ataiona mwenyewe.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Na nyie vijana wenzangu mliochaguliwa Novemba 2024, hamjambo. Ndugu mwenyekiti wa kikao, asante kwa kunipa nafasi kabla ya chai, maana nawajua watu wetu: chai ikishanyweka, nusu ya ukumbi itakuwa stendi.

Mimi ni wakili. Mmenialika kuzungumzia mabaraza yenu, na hapo pana kichekesho. Sheria ya mwaka 2002 inayohusu migogoro ya ardhi inamkataza wakili kusimama mbele ya baraza la kata kumsemea mteja wake. Ndugu anaruhusiwa, wakili hapana. Kwa hiyo mmemwita mtu aje kueleza mambo ya nyumba ambayo yeye huishia kibarazani. Lakini anayekaa kibarazani husikia mengi. Mashauri yakishindikana kwenu huteremka mpaka ofisini kwangu, yakiwa ndani ya bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne, na mimi ndiye ninayeifungua. Leo nataka tuongee juu ya kile ninachokikuta humo ndani, na zaidi juu ya kile ambacho huwa sikikuti: maandishi.

Miaka michache iliyopita alikuja mama mmoja mjane kutoka ukanda wa juu. Kata sitaitaja, maana nikitaja kata mtajua ukoo, na nikitaja ukoo mtanisimulia nyie kesi yenyewe. Mume wake alifariki akamwachia kihamba, yaani shamba la ukoo, lenye migomba na kahawa chache, na nyumba ya matofali ambayo haijapigwa lipu. Msiba ulipotulia, shemeji yake akaanza kusogea. Hakuja na panga wala matusi. Alisogea mgomba mmoja mmoja. Leo amekata mkungu ambao si wake, kesho amepanda chipukizi hatua mbili ndani, na mwaka ukiisha mpaka umehama bila mtu kusikia kelele.

Mama akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti yule alikuwa mtu wa maana sana. Aliwakalisha Jumamosi ya kwanza, wakashindwana. Jumamosi ya pili akawaita wazee watatu wa ukoo. Shemeji akalainika, akaja na sale mkononi, jani la ule mmea wetu wa mipakani, kama tulivyolelewa, na kwa mila zetu aliyeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa. Kisha wote wakainuka wakaenda shambani wakapanda mstari wa masale kutoka kwenye mwembe mpaka kwenye mfereji, huo ndio ukawa mpaka. Watu wakaenda nyumbani wameshiba. Hakuna aliyeandika neno.

Miaka ikapita. Mwenyekiti akafariki. Wazee wawili kati ya wale watatu nao wakamfuata, wa tatu yupo lakini kumbukumbu zimemtoka, ukimuuliza juu ya mpaka anakueleza habari za bei ya kahawa enzi za KNCU, chama chetu cha ushirika. Mtoto wa shemeji akarudi kutoka mjini na ramani ya nyumba. Asubuhi moja masale yote yalikuwa yamelala chini, mizizi juu.

Mama akapanda kwenye baraza la kata. Mjumbe mmoja akamuuliza swali ambalo mimi mwenyewe ningeliuliza: "Mama, hayo makubaliano yameandikwa wapi?" Akajibu, "Yaliandikwa kwa masale."

Ilituchukua miaka minne. Mwishowe tulipata kama nusu ya kilichokuwa chake, na hiyo nusu tuliipata kwa bahati. Mwalimu mmoja mstaafu, jirani, alikuwa na tabia ya kuandika shajara: mvua imenyesha kiasi gani, nani kafiwa, ng'ombe wa nani kazaa. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa ameandika kwamba siku hiyo ameshuhudia kwa fulani wakipanda masale, na walioshika jembe ni fulani na fulani. Mstari mmoja wa kalamu ya risasi. Simlaumu marehemu mwenyekiti hata kidogo. Kwa kusuluhisha aliwashinda mahakimu wengi ninaowajua. Lakini kazi yake nzuri iliokolewa na mwalimu ambaye hata hakuombwa kuandika.

Sasa nije kwenye sheria, na hapa naomba tusisinzie.

Kwa miaka mingi baraza la kata lilikuwa linaamua. Lilisikiliza pande mbili, likatoa uamuzi, mradi thamani ya ardhi isizidi shilingi milioni 3. Kwa bei za huku kwetu milioni 3 hainunui hata mahali pa kuegesha bajaji, kwa hiyo mipaka hiyo ilikuwa inavukwa kila siku. Mwaka 2021 Bunge likabadilisha. Tangu hapo baraza la kata ni la usuluhishi tu. Halitoi hukumu. Halimwondoi mtu. Likiwapatanisha, vizuri. Likishindwa, linathibitisha kwamba limeshindwa, na mwenye madai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na karatasi hiyo mkononi. Bila karatasi hiyo, Baraza la Wilaya halilisikilizi shauri lake.

Najua wengi wenu mliyapokea mabadiliko haya kama kunyang'anywa fimbo. Mzee mmoja wa baraza aliniambia, "Wakili, siku hizi sisi ni washenga." Nilicheka, ila sikubaliani naye. Fimbo mlinyang'anywa, mkapewa ufunguo. Mtu hafiki kwa mwenyekiti wa Baraza la Wilaya bila kupitia kwenye meza yenu, ile ya mbao yenye mguu mmoja mfupi.

Na bado kuna mabaraza yanayotoa hukumu. Nimezishika kwa mikono yangu, zina mhuri, zimeandikwa kwa kujiamini: "Baraza limeamua mlalamikiwa aondoke eneo la mgogoro ndani ya siku saba." Hiyo ni karatasi tu. Haimwondoi mtu. Lakini mwananchi haijui sheria ya 2021, anauona mhuri, anafunga virago. Anakuja kujua baada ya mwaka kwamba aliondolewa na watu wasio na uwezo wa kumwondoa, na wakati huo aliyebaki ameshamwaga zege.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, hata baadhi ya watendaji. Sheria inatoa siku 30. Baraza la kata likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30 tangu shauri lilipofunguliwa, mwenye madai anaruhusiwa kwenda wilayani hata bila cheti chenu. Ni mlango wa dharura, umewekwa ili mtu asifungiwe ndani na baraza ambalo halikai, au na mjumbe ambaye kila Jumatano ana msiba. Lakini nikiwa na mteja wa namna hiyo mbele ya Baraza la Wilaya, swali la kwanza ninaloulizwa ni hili: siku 30 zinahesabiwa kuanzia lini? Tangu shauri lilipofunguliwa. Na lilifunguliwa lini? Mteja anasema, "Wakati wa kuvuna mahindi." Katibu wa baraza hana rejista. Au anayo, lakini mashauri yameandikwa bila tarehe, au tarehe zote zina mwandiko mmoja na wino mmoja, kana kwamba mwaka mzima umeandikwa jioni moja. Mlango wa dharura upo, ila hakuna anayeujua ulipo.

Nyie mnaona ni tarehe tu. Kwa sheria zetu, anayedai kurudishiwa ardhi ana miaka 12. Ikipita hiyo, hata awe na haki iliyonyooka kama mnazi, shauri lake linagota ukutani. Nimeona watu waliozunguka kwa balozi, kwa mwenyekiti, kwa mtendaji, kwa baraza, kwa ofisi ya mkuu wa wilaya, wakarudi tena kwa mwenyekiti mpya, wakidhani kila wanapopiga hodi saa inasimama. Saa haisimami. Na balozi wa nyumba kumi, kwa heshima zote, ni kiongozi wa chama, wala si ngazi ya sheria. Akiwapatanisha majirani Mungu ambariki, lakini muda unaopotea kwake haurudishwi.

Wazee watasema: mbona zamani mambo yalikwenda bila makaratasi? Hapana, wazee wangu. Enzi za mangi, chifu wetu, kulikuwa na baraza, kulikuwa na karani, na kwenye mahakama za wenyeji za wakati wa Mwingereza kulikuwa na vitabu vya kesi. Mfumo wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na siku hizi mangi ni mwenye duka, mtoto anatumwa "nenda kwa mangi kachukue sukari robo." Hata yeye mangi wa dukani ana daftari la madeni. Ukikopa kiberiti, umeandikwa. Ndiyo maana Waswahili wakasema mali bila daftari hupotea bila habari. Duka la sukari robo lina kumbukumbu, na kihamba cha babu yako hakina.

Nije sasa kwenye karatasi inayouzwa. Naona wengine mmeinamisha vichwa, na sijaanza.

Mtu anauza kipande cha shamba kule tambarare, tuseme Kahe au Mabogini. Muuzaji na mnunuzi wamekubaliana. Wanakwenda ofisi ya kijiji. Hapo wanaambiwa: asilimia kumi. Kiwanja cha milioni 5, laki 5 mezani, la sivyo mhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko Himo. Asilimia kumi imezoeleka nchi nzima mpaka watu wanaihesabu kama kodi. Mimi nimeitafuta kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na kwenye sheria za serikali za mitaa, Sura ya 287 na Sura ya 288. Sijaikuta. Kama kuna kiongozi humu mwenye kifungu kinachompa asilimia kumi ya shamba la mwenzake, anisomee hapa mbele, na mimi nitamnunulia chakula cha mchana.

(Hapa palikuwa na kimya, halafu kicheko kutoka upande wa Old Moshi.)

Madhara yake hayaishii mfukoni. Mnunuzi mjanja anaikwepa hiyo asilimia. Wanaandikishana usiku, mashahidi ni shemeji na dereva wa bodaboda, kijiji hakijui. Baadaye shamba hilohilo linauzwa mara ya pili kwa mtu aliyelipa asilimia kumi na kupigiwa mhuri. Mnaona? Tozo isiyo halali imewafukuza watu kwenye karatasi halali. Halafu tunalalamika kwamba wananchi hawafuati utaratibu.

Na ardhi ya kijiji yenyewe, ile ya wote, Halmashauri ya Kijiji haiigawi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie. Sheria hiyo ya Ardhi ya Vijiji ni ya mwaka 1999, imeshaoa na kuzaa. Mkutano Mkuu ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Sitauliza nani ameuitisha mara nne mwaka jana. Tunaheshimiana.

Tozo nyingine ni ya kutembelea eneo la mgogoro. Wajumbe wanataka nauli na posho, na anayelipa ni mlalamikaji. Siku hiyo anayelipa nauli ndiye anayeonekana mwenyeji wa msafara, ndiye anayenunua soda, na mlalamikiwa anasimama pembeni ya shamba lake anawaona waamuzi wakinywa soda ya mpinzani wake. Hata mkisuluhisha kwa haki kama malaika, huyo hatawaamini.

Kuhusu mgambo nitasema kwa ufupi. Mgogoro wa mpaka ni madai, si jinai. Mtu hafungiwi kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya kata kwa sababu amegoma kusuluhishwa. Hata mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, waliopewa na sheria ya mwaka 1997 uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe, wamewekewa kikomo cha saa 48, na ni kwa sababu za uvunjifu wa amani au kosa la jinai. Wewe mtendaji huna hata dakika 48 za kumweka mtu ndani kwa sababu ya mgomba. Akikataa kupatana, andika "amekataa," mpe mwenzake cheti, nendeni nyumbani.

Sasa mama zangu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba, na sheria inataka watatu wasipungue wawe wanawake. Baraza la kata linapokaa kusuluhisha, wajumbe ni watatu na lazima mmoja awe mwanamke. Nimeona mihtasari ambayo jina la mwanamke lipo, sahihi ipo, na nilipomuuliza mama mwenyewe akaniambia siku hiyo alikuwa sokoni Mwika, walimletea karatasi jioni. Jina bila mtu ni sawa na mashine ya kahawa bila umeme, inakaa tu chumbani.

Kwetu huku mnajua desturi: wa kwanza anapewa chake, wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi, mabinti "wana kwao" huko walikoolewa. Akiachika au akifiwa, anarudi kuambiwa kihamba kina wenyewe. Sheria ya 1999 ilishakata mzizi huo: desturi yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya ardhi, kwa jambo hilo ni batili. Na kabla ya sheria hiyo kuna shauri ambalo ningependa kila baraza lilijue, la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililoamuliwa na Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990. Mama wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani: mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Mahakama Kuu ikakataa. Ikasema mwanamke ana haki ileile aliyonayo mwanaume wa ukoo, na huyo ndugu kama analitaka shamba, alipe bei kamili alikomboe, kama ambavyo angefanya kama muuzaji angekuwa mwanaume.

Ninachokipenda kwenye shauri hilo ni wosia. Baba yake aliandika. Binti hakubaki na "baba alisema," alibaki na "baba aliandika." Mjane wangu wa masale hakuwa na bahati hiyo.

Niwapeleke kidogo Arusha, kilomita kama 80 kutoka hapa tulipokaa. Pale kuna majengo ya haki ambayo dunia nzima inayajua. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda ilikaa pale, ikaundwa mwaka 1994, ikafungwa Desemba 2015. Kwa miaka yote hiyo ilishtaki watu 93. Wakubwa, mawaziri, makamanda, na ilistahili. Wakati huohuo kule Rwanda wananchi walikaa kwenye majani, kwenye mabaraza yao ya gacaca, na kati ya mwaka 2002 na 2012 mabaraza hayo yalimaliza karibu mashauri milioni 2. Yalikuwa na kasoro zake, watu waliogopa kusema, wengine walinunuliwa, wakili hakuruhusiwa kama kwenu. Sisemi tuyaige. Nasema mashtaka ya watu 93 yalikwenda kwenye jengo lenye viyoyozi, na mashauri karibu milioni 2 yalikwenda kwenye majani. Hesabu hiyo ndiyo hiyohiyo Kilimanjaro.

Palepale Arusha ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2013 iliamua shauri la Mchungaji Mtikila, ikasema Tanzania inakiuka haki kwa kumzuia raia kugombea bila chama. Mnajua wenyewe hali ilivyo: hakuna mwenyekiti wala diwani kati yenu aliyefika kwenye kiti chake bila kudhaminiwa na chama. Tanzania ilikuwa imekubali tangu 2010 raia wake waende kwenye mahakama hiyo moja kwa moja. Novemba 2019 ikaiondoa ridhaa hiyo, na mwaka uliofuata mlango ukafungwa. Mimi niliona ni kosa, na bado naona ni kosa. Nchi iliyoipa mahakama ardhi ya kukaa imewazuia watoto wake kuingia.

Mtauliza hayo yanamhusuje mwenyekiti wa kitongoji. Yanamhusu hivi. Mlango wa juu ukifungwa, watu wanarundikana kwenye wa chini. Na mlango wa chini una rangi ya chama. Novemba 2024 kulikuwa na manung'uniko ya wagombea kuenguliwa, na wengine humu mlipita bila kupingwa. Sikuja kuhesabu kura. Lakini yule aliyeenguliwa bado ni jirani yako, na ana mpaka wake na shemeji yake, na ofisi ya kupeleka malalamiko ni hiyohiyo yako. Atakapokuja, atakuwa anaangalia mkono wako kama unaandika anachosema au unachora chora. Mwandikie vizuri kuliko unavyomwandikia mtu wa chama chako, maana yeye ndiye atakayesoma kila mstari mara tatu.

Basi, nilimaliza hapo, tukaingia kwenye maswali. Mawili nitayaandika.

Mzee mmoja, sauti ya chini, aliniweka pabaya. Alisema: "Wakili, usuluhishi wetu unafanya kazi kwa sababu hakuna karatasi. Mtu anakubali kosa mbele ya wazee kwa kuwa anajua halitaandikwa. Ukitoa kalamu, ananyamaza. Yule shemeji wa masale, kama mngetoa daftari, asingelileta sale." Ukumbi ukaguna kwa kukubali, na mimi nikakaa kimya kidogo, maana alikuwa amesema kweli.

Nilimjibu hivi. Kuna mambo mawili, kilichosemwa na kilichokubaliwa. Kilichosemwa, matusi, machozi, "ni kweli nilisogeza," hicho kiacheni kwenye majani mlipokaa. Kalamu ikae mfukoni. Mbege ikishanyweka, mkishasimama kwenye mpaka, hapo ndipo mnaitoa, na mnaandika mistari michache: leo tarehe fulani, mpaka ni kutoka kwenye mwembe mpaka mfereji, hatua ngapi, masale mangapi, waliokuwepo ni hawa, wameweka sahihi au dole gumba. Nakala tatu, moja kwa kila upande na moja ofisini. Hamuandiki nani alikosa. Hakuna mtu mwenye aibu ya kusaini kwamba mwembe ni mwembe. Mzee akatikisa kichwa, sikujua kama ni kukubali au ni kunisamehe.

Mtendaji mmoja wa kike akauliza lililokuwa kwenye midomo ya wote: "Umetuambia tusichukue hela ya nauli. Wajumbe wetu wanatembea kilomita sita, hawana posho, wanashinda na njaa. Nani awalipe?" Hapo sikuwa na cha kumdanganya. Nilimwambia swali hilo lielekezwe mstari wa mbele, walikokaa madiwani, kwa sababu bajeti ya halmashauri inapitishwa na wao na si na mimi. Madiwani wakatazamana. Mmoja akaandika kitu kwenye simu. Nimeomba jibu liletwe kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha baraza la madiwani, na nitawaambia likija.

Mwisho nilitoa boksi chini ya meza. Mimi na mawakili wenzangu wawili tulichanga tukanunua kauntabuku 40 za kurasa nyingi, jalada gumu. Ndani, ukurasa wa kwanza, tumechora safu kwa rula: namba, tarehe ya kufunguliwa, majina, eneo, tarehe za vikao, waliohudhuria, matokeo, tarehe cheti kilipotolewa. Nikawaomba makatibu wa mabaraza wapite mbele mmoja mmoja, waandike jina la kata kwenye jalada na kusaini kwamba wamepokea. Wa Marangu na Mwika tuliwatanguliza, maana magari ya huko yakijaa yanaondoka.